Kufunga Kizazi na Baki Lisilosemwa

Kiswahili kina namna yake ya kulitaja tendo hili, na namna hiyo imenishughulisha kwa muda mrefu. Daktari wa upasuaji huikata, huibana au huichoma mirija miwili ya uzazi, kila mmoja ukiwa na urefu wa takriban sentimita 10, ili yai la mwanamke lisikutane na mbegu ya mwanamume. Waarabu, ambao nchini mwao yametokea mambo nitakayoyasimulia hapa, husema rabt al-anabib, yaani kufunga mirija. Neno lao halivuki mipaka ya tendo lenyewe. Sisi tunasema kufunga kizazi. Na kizazi kwetu ni kiungo kilichomo ndani ya mwili wa mwanamke, ni uwezo wa kuzaa, na pia ni watu wote waliozaliwa katika zama moja. Tunapomwambia mwanamke kwamba amefungwa kizazi, tunampa habari iliyo kubwa kuliko kile kilichotendeka juu ya meza ya upasuaji.

Hata hivyo, lugha hiyohiyo inayolikuza jambo ndiyo inayoturudisha kwenye ukweli wake. Kitenzi funga hakiishi peke yake. Kina mwenziwe, fungua. Mlango hufungwa ukafunguliwa. Mwenye saumu hufunga alfajiri, akafungua jua linapotua. Na mwanamke anayezaa, tunasema amejifungua. Kwa mantiki ya sarufi yetu, kufungwa ni hali ya kitu ambacho kingeweza kufunguka. Aliyetaka kusema habari ya kitu kisichorudi angetafuta kitenzi kingine: kung'oa, kukata, kuua. Wazee waliotuachia lugha hawakuijua mirija hiyo, lakini waliyajua mafundo.

Swali ninalotaka kulitafakari pamoja na msomaji ni hili: tunamwahidi nini mtu tunapomwambia kwamba jambo limekwisha, hali tunajua kwamba limekaribia tu kwisha? Na lile baki dogo lililoachwa bila kusemwa, siku likijitokeza, ni mzigo wa nani?

Nililikuta swali hili Jeddah, jikoni. Mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye kwa desturi yetu ni dada yangu tu, ameishi mji huo tangu alipoolewa. Watoto wake watatu wote walizaliwa kwa upasuaji. Alipokuwa na mimba ya tatu, daktari alimweleza kwamba kovu la mji wa mimba limekuwa jembamba, na kwamba mimba ya nne ingeweza kulipasua. Yeye na mumewe waliomba ushauri wa sheikh, wakashauriana usiku kucha, wakatia saini. Alipozinduka, muuguzi alimshika mkono akamwambia neno moja la Kiarabu ambalo hata Mswahili asiyejua Kiarabu hulifahamu: khalas. Imekwisha.

Baada ya miaka sita nilikwenda Umra, na kabla ya kurudi nikapita kwake. Alikuwa akikaanga samaki. Hakugeuka kunitazama aliponiambia, "Dada, nina mimba." Kisha akaniambia kwamba mumewe alikuwa hajasema naye kwa siku tatu. Siku ya nne, yaani asubuhi ile, alikuwa amefungua mdomo, na hakumtukana wala hakumshutumu. Alimwuliza swali moja tu: ile safari yake ya kikazi ya Dammam ilikuwa tarehe ngapi? Dada yangu aliijua tarehe. Alijua pia kwa nini ameulizwa.

Msomaji anayeishi mbali na mji ule asiupime uzito wa swali lile kwa mizani ya mahali alipo. Mwanamke aliye ugenini, ambaye ukaaji wake katika nchi unategemea kibali cha mumewe, katika nchi ambapo mimba nje ya ndoa ni kosa la jinai, anaposhukiwa na mumewe hashukiwi chumbani peke yake. Nyuma ya swali la tarehe kuna uwanja wa ndege, kuna mahakama, kuna watoto watatu na swali la watakwenda na nani. Na shahidi mkuu dhidi yake alikuwa ile karatasi ya hospitali iliyosema kwamba amefungwa.

Sasa tuangalie karatasi ile ilikuwa na haki ya kusema nini. Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu jambo hili ulifanyika Marekani, ukachapishwa mwaka 1996. Wanawake 10,685 waliofungwa mirija walifuatiliwa, wengine kwa miaka mingi, na wanawake waliopata mimba katika kundi hilo walikuwa 143. Watafiti walikadiria kwamba katika muda wa miaka 10 tangu upasuaji, mimba zilikuwa 18.5 kwa kila wanawake 1,000. Njia hazikulingana. Kukata sehemu ya mirija mara baada ya kuzaa kulikuwa na mimba 7.5 kwa kila 1,000. Kubana kwa kibanio cha springi kulifikia 36.5. Waliofungwa wakiwa na umri mdogo walikuwa katika uwezekano mkubwa zaidi, kwa sababu walikuwa na miaka mingi zaidi ya uzazi mbele yao. Na mimba hizo hazikuja zote mwaka wa kwanza, kama ilivyodhaniwa hapo awali, bali ziliendelea kujitokeza mwaka wa tano, wa saba, wa tisa.

Sababu zake zinaeleweka. Kibanio huweza kuteleza. Daktari huweza kufunga ukano ulio jirani akidhani ni mrija. Mwanamke huweza kuwa tayari na mimba changa siku ya upasuaji. Lakini mara nyingine hakuna aliyekosea: ncha mbili zilizokatwa hutafutana, tishu ikaota, njia nyembamba ikazibuka. Mwili una tabia ya kuponya majeraha yake, na haujui kwamba jeraha hili lilikusudiwa libaki. Basi dada yangu alikuwa mmoja wa wale wachache. Uchache wao si siri ya kitaalamu. Umo katika vitabu vya wanafunzi wa udaktari. Ila haukuwamo katika neno khalas.

Kutoka Jeddah nilikwenda Riyadh, kiasi cha kilomita 950 kuelekea mashariki, kumwona rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, ambaye ni muuguzi huko. Nilimsimulia yaliyompata dada yangu bila kumtaja. Alinyamaza, kisha akanisimulia yake.

Yeye naye alifungwa baada ya mtoto wa nne. Mwaka wa tano baada ya hapo alianza kuumwa tumbo upande mmoja, akahisi kizunguzungu, kisha maumivu yasiyoeleweka begani. Alidhani ni vidonda vya tumbo, ni uchovu wa zamu za usiku. Alikuwa amekwisha kuwauliza mamia ya wanawake siku yao ya mwisho ya hedhi, lakini hakujiuliza mwenyewe. Alianguka ukumbini akiwa amevaa sare ya kazi. Mimba ilikuwa imetunga ndani ya mrija, nje ya mji wa mimba, na mrija ulikuwa umepasuka. Tumbo lilijaa damu. Alipona kwa sababu alianguka hospitalini. "Namba ile naijua," aliniambia. "Nilidhani ni ya wagonjwa."

Katika utafiti ule niliotaja, mimba 47 kati ya zile 143, yaani karibu thuluthi moja, zilikuwa za namna hii. Hapa ndipo hesabu inapogeuka kuwa suala la maadili. Mwanamke aliyefungwa ana uwezekano mdogo wa kupata mimba kuliko mwenzake asiyefungwa. Lakini akiipata, uwezekano wa kuwa imetunga mahali pa hatari ni mkubwa mno. Maana yake ni kwamba aliyeambiwa "huwezi tena kushika mimba" amenyang'anywa kitu ambacho angekihitaji siku ya hatari, nacho ni shaka. Shaka ndiyo ingempeleka kupima mapema. Uhakika aliopewa kama zawadi ndio unaomchelewesha. Neno la kumtuliza mgonjwa, ambalo hutolewa kwa huruma na aghalabu bila nia mbaya, huweza kumwua.

Nilipokuwa nikiwaza haya katika miji ile miwili, nilikumbuka kwamba yote miwili imewahi kulizungumza jambo hili kwa sauti ya sheria. Mwaka 1976 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia, ambalo makao yake ni Riyadh, lilikataza kuzuia uzazi kwa kuogopa umaskini, lakini likaruhusu kuzuia au kuchelewesha mimba pale penye dharura iliyothibiti, likitoa mfano wa mwanamke asiyeweza kuzaa ila kwa upasuaji. Miaka 12 baadaye, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilikutana Kuwait mwezi Desemba 1988 na kutoa azimio lililo maarufu zaidi. Lilikubali kupanga nafasi kati ya mimba kwa maelewano ya mume na mke. Lilikataa sheria ya jumla inayowabana watu wasizae. Na likaharamisha kuondoa kabisa uwezo wa kuzaa wa mwanamume au mwanamke, isipokuwa kwa dharura inayotambuliwa na sharia. Neno la Kiarabu lililotumika kwa kuondoa huko ni istisali, nalo limetokana na asli, yaani shina au mzizi. Ni kung'oa.

Tazama basi umbali uliopo kati ya kung'oa na kufunga. Azimio linazungumza habari ya mzizi uliotoka ardhini. Mirija inazungumza habari ya fundo. Isitoshe, tangu Julai 1978, alipozaliwa Louise Brown huko Uingereza kwa mama ambaye mirija yake ilikuwa imeziba, ilidhihirika kwamba mrija uliofungwa si mwisho wa njia, kwani yai huweza kuchukuliwa, kurutubishwa nje ya mwili na kurudishwa. Baraza hilohilo la Jeddah lilikwisha kulijadili suala hilo Amman mwaka 1986, likaruhusu njia hiyo baina ya mume na mke walio katika ndoa. Mwanazuoni anaweza kuuliza, na wako waliouliza, ikiwa kufunga mirija bado ni kung'oa hali mlango wa kurudi upo.

Sina elimu ya kuamua katika mjadala huo, wala si uwanja wangu. Ninalotaka kulisema ni jambo la kibinadamu zaidi. Dada yangu na mumewe waliingia katika uamuzi ule wakiwa wamebeba uzito wa neno kung'oa. Waliogopa dhambi. Walimtafuta sheikh. Yeye aliaga uzazi wake kama mtu anavyomwaga maiti, akiwa na umri wa miaka 31, akalia kwa siri kwa muda wa mwaka mzima. Haya aliniambia baadaye. Halafu ikadhihirika kwamba kilichofanyika hakikuwa kung'oa. Alilipa bei kamili ya mwisho, na alichopewa ni kitu kilichokaribia mwisho. Hata kama kitu hicho kilikuwa kizuri, na kwa wanawake wengi ni kizuri sana, alistahili kujua anachokilipia.

Jeddah ni mji unaofaa kuwaziwa mambo haya. Wenyeji husimulia kwamba Bibi Hawa, mama wa wanadamu wote, amezikwa hapo, na wako wanaolihusisha jina la mji na neno la Kiarabu lenye maana ya bibi. Jengo lililokuwa juu ya kaburi lake lilibomolewa mwaka 1928, na kaburi lenyewe likazibwa kwa saruji mwaka 1975. Ni mji huohuo ambao, mwezi Aprili 2000, madaktari walimpandikiza mwanamke wa miaka 26 mji wa mimba wa mtu mwingine, jambo lililokuwa halijapata kufanyika. Mwanamke yule alikuwa ameupoteza wake kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Kiungo kile kiliishi ndani yake siku 99, kisha damu ikaganda katika mishipa yake, ikabidi kiondolewe. Miaka 14 baadaye, nchini Sweden, mtoto wa kwanza alizaliwa kutoka katika mji wa mimba uliopandikizwa. Aliyeambiwa "haiwezekani" mwaka 1990 hakuwa amedanganywa. Lakini ilikuwa kauli ya wakati wake, si kauli ya milele. Sisi wanadamu tuna pupa ya kusema milele.

Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alieleza kwamba matendo yetu yana udhaifu wa aina mbili: hayarudishwi nyuma, na hatuwezi kutabiri yatakakofikia. Dawa ya udhaifu wa kwanza, kwa maoni yake, ni msamaha. Ya pili ni ahadi. Niliusoma ufafanuzi huo nikiwa mwanafunzi wa uzamivu Ujerumani, nikaukubali kama mtu anavyokubali hesabu. Nilipokaa jikoni kwa dada yangu nikauona upya. Kufunga kizazi ni tendo la ajabu kwa kuwa mtu hulitaka kwa sababu halirudi nyuma. Kutorudi kwake ndiko faida yake. Kisha linageuka na kuonyesha ule udhaifu wa pili, kutotabirika. Hapo ndipo ahadi inapotakiwa. Lakini ahadi ya nini? Daktari hawezi kuahidi kwamba mwili hautapona jeraha lake. Anachoweza kuahidi ni kwamba ameyasema yote anayoyajua, na kwamba baki likitokea hataligeuza kuwa kosa la mgonjwa.

Kuna jambo lililonishangaza nilipoanza kusoma zaidi. Baki hili ambalo hospitali zetu za kisasa hulisahau, wanazuoni wa kale hawakulisahau. Masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani mwanamume kumwaga nje ili kuepuka mimba. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya mtu aliyemwendea Mtume akimwomba ushauri juu ya mjakazi wake ambaye hakutaka ashike mimba. Akaambiwa kwamba anaweza kufanya azli akipenda, ila lililokadiriwa litakuja. Baada ya muda mtu yule alirudi na habari kwamba mjakazi ameshika mimba. Kutokana na mafunzo ya namna hii, wanafiqhi walijenga msimamo kwamba mume aliyefanya azli hawezi kuitumia azli hiyo kuwa hoja ya kumkana mtoto. Njia ya kuzuia haikuwa kamilifu, na kutokamilika kwake hakuwezi kugeuzwa ushahidi dhidi ya mke. Juu ya hayo kuna ile kanuni kuu kwamba mtoto ni wa kitanda cha ndoa.

Tafakari hekima iliyomo humo. Hawakuwa na takwimu wala darubini. Lakini walilijua jambo moja ambalo takwimu peke yake haiwezi kulifundisha, nalo ni kwamba palipo na baki lazima kuwe na sheria ya nani analibeba, la sivyo litabebwa na aliye dhaifu zaidi. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijadili azli kwa urefu na kuona kuwa ni halali, hata kwa sababu ya kumhurumia mke na afya yake. Lakini ruhusa hiyo ilikaa ndani ya nyumba yenye kuta, na mojawapo ya kuta hizo ni kwamba mtoto akija, amekuja kwao wote wawili.

Mahakama za zama zetu zimehangaika na suala hilohilo kwa lugha nyingine. Nchini India, mwanamke maskini aliyekuwa na watoto saba alifungwa katika hospitali ya serikali mwaka 1988, akapewa cheti, kisha akazaa mtoto wa kike. Ilibainika kwamba mrija wa kulia tu ndio ulioguswa. Wa kushoto uliachwa. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliiamuru serikali ya jimbo la Haryana ichangie gharama za kumlea mtoto huyo. Miaka mitano baadaye mahakama hiyohiyo, katika kesi nyingine, ilisema kwamba pasipo uzembe daktari hawajibiki, kwa kuwa hakuna njia iliyo kamilifu, na kwamba wenzi wanaoona hedhi imekatika wanatarajiwa kwenda hospitali mapema. Nchini Australia, katika kesi ya Cattanach na Melchior ya mwaka 2003, majaji wanne dhidi ya watatu waliamua kwamba wazazi wanastahili kulipwa gharama za kumlea mtoto aliyezaliwa baada ya upasuaji wa aina hii. Wale watatu waliopinga hawakuweza kukubali kwamba mtoto mzima mwenye afya ahesabiwe kuwa hasara.

Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili yamkini ataelemea upande wa wale watatu. Sisi tunasema mtoto ni baraka, na hatusemi kwa utani. Mimi nami nasema hivyo. Lakini nimeona jinsi neno baraka linavyoweza kutumika kumfunga mdomo mwanamke. Mtoto ni kitu kimoja. Kovu jembamba linaloweza kupasuka, damu ya tumboni, ada ya shule na siku tatu za kutosemeshwa ni vitu vingine. Anayesema "shukuru Mungu" kwa sababu ya kile cha kwanza, ili asiulizwe kuhusu hivi vingine, hamtukuzi mtoto; anamtumia kama pazia. Baraka ya kweli ina wengi wanaoishughulikia. Baraka anayeachiwa mtu mmoja aibebe peke yake, hata awe ameipenda namna gani, imeshaingia ndani yake dhuluma.

Kuna pingamizi lenye uzito ambalo sipendi kulikwepa. Wapo madaktari watakaosema kwamba kumtajia mgonjwa kila uwezekano ni kumtia hofu. Kwamba wanawake wanaohitaji upasuaji huu kuokoa maisha yao watakimbia. Kwamba mtu wa kawaida hajui kuipima mbili katika mia. Sikubaliani nao, lakini nakubali kwamba kuna kusema kunakotisha na kusema kunakosaidia. Kumsomea mtu orodha ya madhara ili atie saini na hospitali iwe salama si kumwambia ukweli, bali ni kumhamishia mzigo. Kumwambia ukweli ni kusema hivi: njia hii ni madhubuti kuliko nyingi, wachache hupata mimba hata baada ya miaka mingi, ukikosa hedhi au ukiumwa tumbo upande mmoja, njoo siku ileile, na ikitokea, si kosa lako wala si fedheha yako. Hayo ni maneno ya dakika mbili, na hayamkimbizi mtu.

Tena tukumbuke kwamba kuficha kuna dada yake mkubwa, naye ni kulazimisha. Mwezi Desemba 2022 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliwapa haki wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao walifungwa mirija bila ridhaa yao ya kweli. Kesi yao na hali ya dada yangu zinaonekana kuwa kinyume: wao walifungwa wasipotaka, yeye alifunguka asipotaka. Lakini mzizi ni mmoja. Pande zote mbili mtu mwingine aliamua kwamba mwanamke hahitaji kujua yote kuhusu mwili wake. Ridhaa isiyo na maarifa ni saini tu.

Jioni ile ya Jeddah, kabla sijaondoka kwenda Riyadh, shemeji yangu alirudi akiwa na macho mekundu. Alikuwa amepita zahanati moja karibu na kazini, akamwuliza daktari mzee kutoka Sudan kama jambo hili linawezekana. Daktari alimchorea mrija kwenye kipande cha karatasi, akamwonyesha jinsi ncha zinavyotafutana. Alikileta kipande kile mfukoni, kimekunjwa mara nne. Alikaa sebuleni, akanitazama mimi badala ya mkewe, akasema, "Shemeji, mimi sikuambiwa."

Nimeyawaza sana maneno yale matatu. Ni utetezi, na ni mashtaka pia. Hakuambiwa, ni kweli. Pale wodini alisimama nje ya pazia huku mkewe akiambiwa khalas. Lakini kutokuambiwa hakukumlazimisha kuhesabu tarehe za safari. Kati ya kutojua na kushuku palikuwa na nafasi ya kuuliza, na alichukua siku tatu kuifikia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu; siku ile niliona kwamba wakati mwingine huwa ni mtoto, naye huja mapema.

Mimba ile ilikuwa mahali pake. Dada yangu aliilea kwa hofu ya kovu lake, akilala kwa ubavu, akienda kupimwa kila wiki, na mwisho alizaa mtoto wa kike kwa upasuaji wa nne. Safari hii waliiondoa mirija yote miwili, na mumewe alikuwa ndani ya pazia, akaelezwa kila kitu. Mtoto alipewa jina la bibi yetu. Nilimwuliza dada yangu, mwaka jana, kama amemsamehe mumewe. Alisema amemsamehe, ila siku zile tatu anazikumbuka moja moja.

Hana shahada, na hajawahi kusoma utafiti wowote kati ya niliyoitaja hapa. Lakini Waswahili wa Jeddah siku hizi wanamjua kwa jambo moja. Mwanamke yeyote anayemwambia kwamba anakwenda kufungwa, hamzuii wala hamhimizi. Humwambia, "Nenda na mumeo ndani. Naye asikie."